Karatasi, prakitiko, daftari au mdomo: upimeje kama mwanafunzi kaelewa vipimo vya hali ya hewa?

Mwaka juzi nilikuwa na kidato cha kwanza kwenye mada ya hali ya hewa, shule iko Mbeya huku juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Tukachemsha maji kwenye jiko dogo la gesi, tukatumbukiza themomita, nikasema kila mtu apite asome aandike kwenye karatasi yake bila kumwonyesha mwenzake. Wengi wakaandika 100. Wachache wakaandika 94, na mmoja wa hao akaongeza chini kwa penseli: "themomita hii ni mbovu".

Sasa hapo nani kaelewa? Wale wa 100 hawakusoma kifaa kabisa, waliandika kitabu. Wa 94 walisoma kweli. Na yule wa penseli kafanya jambo kubwa kuliko wote, ametilia shaka kifaa, ila sababu ndo kakosea, maana themomita ilikuwa nzima, huku juu mgandamizo wa hewa ni mdogo na maji yanachemka mapema, kila ukipanda kama mita 300 kiwango cha kuchemka kinashuka karibu nyuzi moja. Dar yangechemka kwenye 100 kama kitabu kinavyosema. Ukiweka swali la kuchagua "maji huchemka kwenye nyuzi ngapi" wale wa 100 wanapata, na yule mtoto wa penseli anakosa.

Tangu siku ile nimejaribu njia nne za kupima hii mada na kila njia imenionyesha kitu tofauti, nyingine imenichosha, nyingine imenidanganya. Naziweka hapa kwa walimu wenzangu ambao wamekwama wachague ipi, hasa wale wa Jiografia wenye darasa kubwa na vifaa vya kuhesabu kwa vidole.

Kwanza vigezo

Kabla ya kulinganisha chochote tukubaliane tunatafuta nini. Kwangu mimi viko vitano, na njia zote nne nimezipitisha humo humo.

Cha kwanza, njia inaonyesha uelewa wa aina gani: kutaja kifaa na kazi yake, kukisoma, au kukitilia shaka na kujua cha kufanya. Hiyo ya tatu ndo kalibresheni, na ndo ngumu kuipima. Kwa wanafunzi naianzia sokoni. Mizani ya muuza nyanya kabla hajaweka kitu inatakiwa isome sifuri, ikisoma gramu 100 wakati ni tupu unajua kila kilo utakayonunua imepungua. Wakala wa Vipimo wanapopita kuhakiki mizani na pampu za mafuta wanafanya kitu hicho hicho, wanalinganisha na kipimo kinachoaminika. Na hapa walimu wengi tunachanganya: kukalibreti siyo kutengeneza kifaa. Ni kukilinganisha, ukajua kinapishana kwa kiasi gani, ukaandika, ukaanza kusahihisha namba zako. Themomita inayozidisha nyuzi 2 kila siku bila kubadilika ni kifaa kizuri tu ukishajua inazidisha 2.

Cha pili ni muda na idadi ya wanafunzi. Cha tatu vifaa na gharama. Cha nne haki ya kusahihisha, yaani walimu wawili wakisahihisha kazi moja watatoa maksi zinazokaribiana? Cha tano lugha. Sekondari zetu tunafundisha kwa Kiingereza, na mtoto aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili anaweza kujua vizuri kabisa kwa nini utambi wa themomita ya kupimia unyevu wa hewa lazima uwe mbichi lakini sentensi ya Kiingereza ikamshinda. Usipoangalia utakuwa unapima Kiingereza chake ukidhani unapima hali ya hewa.

Njia ya 1: mtihani wa karatasi

Inaonyesha nini: inategemea kabisa maswali yako. Taja vifaa vitano, chora kibanda cha Stevenson (kile cheupe chenye matundu kinachokinga themomita na jua), haya yanapima kumbukumbu tu. Lakini karatasi inaweza kufika mbali kuliko tunavyoitumia, siri ni kumpa mwanafunzi namba zenye kasoro. Mfano ninaoupenda: faneli yenye kipenyo cha sentimita 10 imewekwa juu ya chupa yenye kipenyo cha sentimita 5, mvua imenyesha, mwanafunzi kaweka rula kwenye chupa kapata sentimita 8 akaandika milimita 80, je ni sahihi? Siyo, maana mdomo unaokusanya mvua una eneo mara nne ya chupa, kwa hiyo mvua ya kweli ni milimita 20. Aliyeelewa kipimamvua analiona hilo, aliyekariri anaandika 80 na kuendelea.

Au wape jedwali la siku saba za themomita kavu na themomita ya utambi mbichi, siku ya tatu weka kavu 24 na mbichi 26, halafu siku za mwisho zote mbili zisome sawa sawa wakati ni kiangazi kikali. Waulize kuna nini. Ile ya kwanza haiwezekani, yenye utambi haitakiwi kuizidi kavu, mtu kageuza namba. Ya pili inamtega hata mwanafunzi mzuri, maana kitabu kinasema zikilingana unyevu ni asilimia 100, lakini kiangazi cha namna hiyo jibu la kawaida ni kwamba utambi umekauka na hakuna aliyejaza maji.

Ukitaka kupanda zaidi, kwa wale wa juu: themomita kwenye barafu inayoyeyuka inasoma 2, kwenye maji yanayochemka pale Dar inasoma 99, leo nje inasoma 27, joto la kweli ni ngapi? Wengi watatoa 2 wapate 25. Ila kosa halilingani sehemu zote, chini inazidisha na juu inapunguza, ukipiga hesabu unapata karibu 25.8.

Muda na idadi: hapa karatasi haina mpinzani. Wanafunzi 80 kipindi kimoja, umemaliza. Vifaa: hakuna, photokopi tu, au andika ubaoni. Haki: nzuri, majibu ya namba yanasahihishika sawa kwa kila mtu. Lugha: ndo udhaifu wake. Swali la maelezo kwa Kiingereza linamuumiza mtoto, kwa hiyo mimi nafupisha maneno naongeza majedwali na michoro.

Inamfaa nani: mwenye darasa kubwa, asiye na kifaa hata kimoja, na anayeandaa wanafunzi kwa mitihani ya NECTA. Ila ujue hutaona mkono wa mwanafunzi ukishika kifaa. Wapo wanaojibu swali la kuweka jicho usawa wa mstari wakati wa kusoma vizuri kabisa kwenye karatasi, ukiwapa themomita wanaiangalia kutoka juu.

Njia ya 2: prakitiko ya vituo

Unapanga vituo vitano uwanjani au darasani, kila kituo kina kifaa na swali moja, wanafunzi wanazunguka. Kwenye vituo viwili au vitatu unaweka kasoro kwa makusudi. Hiyo ndo roho ya hii njia.

Kasoro zangu huwa hizi. Kipimamvua nakiweka chini ya mwembe. Utambi nauacha mkavu. Themomita moja naifungia karatasi ya vipimo niliyoichora mwenyewe, imesogezwa nyuzi 3, na pembeni naweka kikombe cha barafu iliyopondwa na maji, bila kusema chochote. Mwanafunzi aliyeelewa anaitumbukiza kwenye barafu kwanza, anaona inasoma 3 badala ya 0, anasahihisha. Asiyeelewa anasoma joto la chumba anaondoka, barafu haioni kabisa. Kwa kituo hiki kimoja unapata jibu ambalo kurasa mbili za mtihani hazikupi. Barafu yenyewe ni rahisi, zile za nailoni wanazouza dukani zinatosha, ila ziponde vizuri na maji yawepo, vipande vikubwa vikavu vinatoka kwenye friza vikiwa chini ya sifuri.

Kituo kingine kizuri ni themomita ya Six, ile ya mrija wa U inayoshika joto la juu na la chini kabisa. Upande wa joto la chini namba zimegeuzwa, zinaongezeka kwenda chini, na kale kachuma ka ndani kanakobaki kuonyesha joto lilipofikia unakasoma ncha ya chini. Nimeona darasa zima wanasoma ncha ya juu.

Muda na idadi: hapa ndo pagumu. Vituo vitano, dakika 6 kila kimoja, mwanafunzi mmoja mmoja, watoto watano wanakula nusu saa, kwa hiyo 80 wanakula masaa 8. Ukiweka vikundi vya wanne inashuka mpaka masaa 2, lakini kwenye kikundi anayejua anafanya na wengine wanakopi. Suluhisho langu: wanazunguka kwa kikundi ila kila mmoja anaandika karatasi yake, na hawaruhusiwi kuongea mpaka wote wameandika namba.

Vifaa: unahitaji angalau themomita mbili tatu, vingine vinatengenezeka. Kipimamvua ni chupa na faneli, mshale wa upepo ni bati na msumari. Na kama themomita zenu ni za zebaki naomba sana msiwape watoto wazunguke nazo, ikivunjika mvuke wake ni sumu, nunueni za spiriti nyekundu. Dunia nzima inaziacha za zebaki tangu mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki.

Haki: kuna mtego ambao ulinichukua muda kuuona. Kundi la asubuhi linasoma 19, kundi la mchana linasoma 25, na wote wako sahihi. Kwa hiyo lazima mwalimu mwenyewe asome kila kifaa kila baada ya dakika 15 aandike, halafu asahihishe kwa namba ya muda ule, na aruhusu kupishana nusu nyuzi kwenye themomita yenye mistari ya nyuzi moja moja. Usipofanya hivyo unaonea watu.

Lugha: ni nafuu kubwa, jibu ni namba na kitendo.

Inamfaa nani: darasa dogo, au mwenye msaidizi wa maabara, au mwalimu anayetaka kugundua kosa mapema kabla hajasonga mbele na mada.

Njia ya 3: daftari la vipimo la wiki kadhaa

Wanafunzi wanasoma vifaa kila siku saa 3 asubuhi, muda huo huo ambao vituo vya hali ya hewa nchini hupima mvua, wanaandika kwenye daftari, mwisho wa mwezi wanaandika maelezo. Kwangu mimi hii ndo inayofanana zaidi na kazi yenyewe, na ndo inayonipa moyo kuliko zote, ingawa ndo rahisi kuharibika.

Inaonyesha nini: inaonyesha tabia. Mtihani hauwezi kukuambia kama mtoto anajua tofauti ya sifuri na nafasi wazi. Sifuri maana yake nilipima hakuna mvua, nafasi wazi maana yake sikupima. Hawa ni ndugu wawili wasiofanana kabisa, na kwenye daftari utaona nani kaweka sifuri Jumapili wakati hakuna aliyekwenda kwenye kifaa. Halafu Jumatatu kipimamvua kina milimita 36, je anaandika zote kama mvua ya Jumapili, anagawa kwa tatu, au anaandika 36 na maelezo kwamba ni jumla tangu Ijumaa asubuhi? Jibu zuri ni la mwisho. Pia mvua iliyosomwa leo saa 3 ni ya masaa 24 yaliyopita, inaenda kwenye tarehe ya jana, na hili linawachanganya wengi.

Upande wa kalibresheni mimi naweka sharti, kila Jumatatu themomita inarudi kwenye barafu na inalinganishwa na ya pili, na matokeo yanaandikwa hata kama hakuna kilichobadilika. Maksi nyingi natoa kwenye safu ya maoni. Mtoto aliyeandika "leo tumekuta buibui kajenga ndani ya faneli tumesafisha" kanionyesha uelewa kuliko mwenye jedwali safi lisilo na doa.

Maana jedwali safi sana ni dalili mbaya. Kupika data kupo. Dalili zake ni joto 25, 26, 25, 26 mwezi mzima, hakuna siku iliyokosekana, na wino ni wa siku moja. Dawa yake, kuwa na daftari lako la siri unalosoma mara mbili kwa wiki bila taarifa. Kama mko karibu na kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, omba takwimu zao mlinganishe, ila usitegemee zilingane, mvua ya kwetu inaweza kunyesha mtaa huu na mtaa wa pili pakavu. Angalia mwelekeo, siyo namba kwa namba.

Muda: wiki nne angalau, na chagua msimu. Huku nyanda za juu mvua ni Novemba mpaka Aprili hivi, ukianza daftari Agosti utakuwa na sifuri mwezi mzima na wanafunzi watachoka. Pwani subiri masika, Machi hadi Mei, au vuli. Idadi: gawa zamu, kila kikundi wiki yake.

Vifaa: seti moja inatosha shule nzima, ila lazima iwe na uzio, mbuzi na mpira wa miguu ni maadui wakubwa. Haki: wastani, maana ni kazi ya kikundi, unahitaji mwongozo wa maksi ulioandikwa kabla. Lugha: nzuri ukiruhusu safu ya maoni iandikwe kwa Kiswahili, mimi naruhusu.

Inamfaa nani: shule ya bweni hasa, klabu ya mazingira, na mwalimu ambaye anajua hatahamishwa katikati ya muhula.

Njia ya 4: maswali ya mdomo

Mwanafunzi anasimama mbele ya kifaa, unamuuliza maswali matatu manne na kila jibu unalifuata na "kwa nini" au "ungejuaje".

Swali langu la kwanza huwa moja tu: "Ungejuaje kama kifaa hiki kinakudanganya?" Mwenye kuelewa anaanza kupanga, nitalinganisha na kingine, nitaweka kwenye barafu, nitaangalia kama kimepigwa jua. Mwingine anasema "nitakipeleka kwa fundi", na hapo unajua bado.

La pili linategemea ulipo. Pwani waulize kaskazi inavuma kutoka wapi, halafu wasimamishe mbele ya mshale wa upepo waseme unaelekeza wapi kukiwa na kaskazi. Watoto wa wavuvi wanajua tangu nyumbani kwamba upepo unaitwa kwa unakotoka, ila wakikutana na mshale darasani wanasema unaonyesha upepo unakoenda. Ukiwaunganishia hayo mawili hawasahau.

La tatu nalipenda kwa sababu halina jibu la kitabuni: mlango wa kibanda cha Stevenson uelekee wapi? Uingereza unaelekea kaskazini ili jua lisiingie. Sasa sisi Tanzania, Desemba jua la mchana liko kusini kwetu, Juni liko kaskazini. Sitafuti jibu moja, nasikiliza kama mtoto anafikiria jua liko wapi saa ya kusoma, au anakumbuka mchoro tu.

Muda: dakika 4 kwa mtoto, watoto 80 ni masaa 5 na dakika 20. Huwezi kila wiki. Vifaa: kimoja kinatosha, hata picha. Haki: ndo sehemu dhaifu kuliko zote, anayeongea kwa kujiamini anapata zaidi ya anachojua na mwenye aibu anapata pungufu, na wa mwisho kwenye foleni ameshasikia maswali. Uwe na maswali ya aina mbili tatu na mwalimu wa pili wa kusikiliza, la sivyo usiyape maksi, yatumie kujua tu nani kakwama wapi. Lugha: hapa Kiswahili kinafanya kazi yake, nimeona mtoto aliyepata 30 kwenye karatasi akieleza utambi na unyevu kama mtu mzima.

Inamfaa nani: mwenye wanafunzi wachache, au mwenye wengi anayetaka kuchunguza kumi tu wa kuwakilisha kabla ya kuamua arudie mada au la.

Sasa wewe uko wapi

Kama una wanafunzi 80, huna kifaa na mtihani ni wiki ijayo, kaa na karatasi, ila nusu ya maswali yawe majedwali yenye kasoro kama yale niliyoeleza. Halafu ita wanafunzi watano au kumi uwaulize kwa mdomo, utajua kama maksi za karatasi ni za kweli.

Kama una themomita mbili na kipindi cha masaa mawili, fanya prakitiko hata ya vituo vitatu, na kituo cha barafu kisikose.

Kama ni shule ya bweni na msimu wa mvua unaanza, anza daftari sasa. Usisubiri vifaa vya kununua, chupa na faneli vinatosha wiki ya kwanza, na hilo la kukokotoa eneo la mdomo ni somo lenyewe.

Kama unafundisha msingi, ambako mnatumia Kiswahili na watoto hawajakutana na hesabu za maeneo, mdomo na vituo vinawafaa zaidi, kalibresheni iishie kwenye barafu na mizani.

Kama unataka maksi za kuingiza kwenye rekodi na mzazi anaweza kuja kuuliza, epuka kutegemea mdomo peke yake, changanya karatasi na daftari.

Na kama mna bahati ya kituo kinachojiendesha chenyewe, kama vile vya TAHMO (mradi wa vituo vya hali ya hewa Afrika) vilivyowekwa kwenye shule kadhaa za Afrika, msiishie kushangaa namba kwenye simu. Wekeni chupa yenu ya mvua jirani yake, someni zote mbili mwezi mzima, halafu siku zitakapopishana sana wape wanafunzi namba zote mbili na swali moja tu, utaamini ipi na utahakikishaje.